Kulala Porini kwa Hiari

Wako watu duniani ambao, wakichoshwa na nyumba zao, hufunga safari kwenda kulala porini. Mume na mke hununua gari lenye kitanda, jiko na tangi la maji ndani yake, au huvuta nyuma ya gari kijumba cha magurudumu, nao hutembea mwezi mzima katika hifadhi za wanyama. Jioni husimama mahali pasipo na mtu, hukunjua viti viwili, huwasha moto na kutazama giza likishuka. Katika Afrika ya Kusini, Namibia na Botswana jambo hili limekuwa desturi, hasa kwa watu waliostaafu. Hata barabara zetu za Kongo zimewahi kuwaona wachache wao, wakisukuma magari katika matope pamoja na wanakijiji.

Vijana wetu wa Lubutu, ambao siku hizi huona picha za safari hizo katika simu, hutuuliza maswali mawili. La kwanza: kwa nini mtu mwenye nyumba ya matofali aende kulala pamoja na mbu? La pili huulizwa na wale wenye akili ya biashara: kwa nini watu hao hawaji kwetu, ilhali tuna Maiko? Twayajibu yote mawili, lakini kwa utaratibu wetu, kwa maana la pili haliwezi kujibiwa vizuri mpaka la kwanza lieleweke.

Tuanze na maneno yenyewe. Hapa Maniema, maneno mawili yanayotumika kueleza starehe hiyo, yaani msafara na kambi, yana uzito ambao mgeni hausikii. Kwa mababu zetu, msafara ulikuwa ule uliotoka Ujiji na pwani ya mbali kuja Nyangwe na Kasongo kutafuta pembe za ndovu na watumwa. Tippu Tip alijenga enzi yake kwa misafara ya namna hiyo. Tarehe 15 Julai 1871 David Livingstone alishuhudia wafanyabiashara wakiwafyatulia risasi watu waliokuja sokoni Nyangwe, kandokando ya Lualaba, na wengi wao walikuwa wanawake waliobeba bidhaa zao. Lugha hii tunayoiandika ilifika kwetu kwa njia zilezile za misafara. Hatuionei haya lugha yetu. Lakini njia iliyoipitia hatuisahau.

Neno kambi nalo ni zito zaidi, kwa kuwa waliolibeba wangali hai. Ukilitamka mbele ya mtu mzima wa Lubutu, humwoni akiwaza hema na viti viwili, huwaza Tingi-Tingi. Kuanzia Desemba 1996 zaidi ya watu 100,000, wakimbizi wa Rwanda kwa sehemu kubwa, walijazana kilomita chache kutoka mji wetu, mahali ambapo barabara yenyewe ndiyo uwanja wa ndege. Walikuwa wametembea kutoka Kivu kwa miguu, kupitia Walikale, katika mvua. Waliishi chini ya maturubai na majani, wakafa kwa kipindupindu, kwa kuhara na kwa njaa, na mwanzoni mwa Machi 1997 vita vikawafikia na kambi ikaisha kwa mauaji na mbio. Marie Béatrice Umutesi, aliyekuwa mmoja wa wakimbizi hao, aliandika kitabu kilichotoka mwaka 2000, na humo kijiji chetu kidogo kimeingia katika historia ya dunia kwa namna ambayo hakuna kijiji kingeitamani.

Baada ya wakimbizi kupita, ilikuwa zamu yetu. Katika miaka ya vita iliyofuata, familia nyingi za teritori hii zililala porini majuma na miezi. Mama walipika usiku tu, ili moshi usionekane mchana. Watoto walizibwa vinywa wasilie. Chumvi ilikuwa mali kuliko nguo. Waliozaliwa huko wengine wana majina yanayosimulia mahali walipozaliwa, nasi tumewaandika katika daftari la ubatizo kwa majina hayo.

Basi jibu la swali la kwanza liko hapa. Kinachomfurahisha yule bwana na bibi yake chini ya nyota ni hiari. Nyumba yao inawangoja imefungwa kwa ufunguo ulio mfukoni. Asubuhi wakitaka watabaki, wakitaka wataondoka. Mlio wa usiku ni wa bundi na wa fisi, na si wa bunduki. Mtu aliyekimbia hadi porini hakuchagua mahali, wala saa, wala wa kulala naye ubavuni. Mbu ni wale wale. Kijana anayeshangaa kwamba watu hulipa fedha ili wakose paa, hajakosea kushangaa. Yeye amerithi kumbukumbu ya wazazi wake. Lakini tungependa asibaki katika mshangao huo, kwa sababu itakayoonekana mbele.

Tumesema bwana na bibi yake. Katika historia ya hifadhi za nchi yetu wako waume na wake waliopiga kambi mbali kabisa na watu, na inafaa tuwatazame mmoja mmoja, maana hawakufanana.

Wa kwanza ni Carl Akeley na Mary Jobe Akeley, Wamarekani. Carl alifika katika milima ya Virunga mara ya kwanza mwaka 1921, na alikuja kuua: aliwapiga risasi gorila kwa ajili ya jumba la makumbusho la New York. Alichokiona huko kilimgeuza, akaanza kuomba mahali pale palindwe. Mfalme Albert wa Ubelgiji akatangaza hifadhi mwaka 1925, ndiyo leo Virunga, inayohesabiwa kuwa hifadhi ya taifa ya kwanza katika Afrika. Mwaka uliofuata Carl alirudi pamoja na Mary, ambaye walikuwa wameoana mwaka 1924. Alipanda mlima akiwa mgonjwa mpaka Kabara, uwanda mdogo wa majani kati ya Mikeno na Karisimbi, na huko akafa tarehe 17 Novemba 1926. Mary alimzika palepale. Angeweza kushuka na kurudi kwao siku ile ile, na hakuna ambaye angemlaumu. Alibaki, akamaliza kazi iliyowaleta. Tukiwafundisha wachumba kuhusu ahadi ya kuwa pamoja katika shida na raha, mara nyingi tunakosa mfano ulio karibu. Huu uko katika ardhi yetu wenyewe.

Miaka 33 baadaye, mwaka 1959, mume na mke wengine walipanda hadi uwanda uleule. George Schaller na mkewe Kay waliishi katika kibanda cha mbao karibu na kaburi la Akeley, naye George akawafuata gorila kila siku bila bunduki, akijionyesha waziwazi mpaka wakamzoea. Kabla yake vitabu vilimwandika gorila kama shetani wa msituni. Schaller alirudi na habari za mnyama mpole anayekula majani na kulea watoto wake. Vitabu vyake vya mwaka 1963 na 1964 vilibadilisha mawazo ya dunia. Juu ya majalada yake limo jina moja tu. Kay hayumo, ingawa baridi ya mlima ule iliwapiga wote wawili. Hatusemi hivi ili kumshitaki mtu. Ndivyo mambo yalivyoandikwa wakati ule, na kwetu je, nani huandika jina la mke wa katekista?

Wako pia Martin na Osa Johnson, ambao kati ya mwaka 1924 na 1927 walikaa kando ya ziwa katika mlima Marsabit, kaskazini mwa Kenya, wakipiga picha za ndovu, kisha wakaja Ituri kutengeneza filamu iliyoonyeshwa mwaka 1932. Hao hatuna mengi ya kusema juu yao. Wambuti wamo katika filamu ile kama kichekesho, wamepewa sigara kubwa mbele ya kamera ili watazamaji wa Marekani wacheke. Mtu anaweza kupiga kambi miezi mingi karibu na watu na asiwaone.

Wale wa mwisho ni wa mkoa wetu, na tutakaa nao zaidi. John na Terese Hart walifika Kongo wakiwa vijana katika miaka ya 1970. Waliishi Ituri, katika eneo la Epulu, wakawalea binti zao humo msituni, na wote wawili ni wanasayansi kwa haki yao wenyewe: Terese kwa mimea, John kwa wanyama. Mwaka 2007, katika umri ambao wenzao hutafuta kiti cha baraza, walianza kuchunguza nchi iliyo kati ya mito Tshuapa, Lomami na Lualaba, ambayo sehemu yake kubwa ni Maniema. Watu wa Kindu waliwafahamu. Timu zao zilikwenda kwa mitumbwi, kwa pikipiki pale pikipiki ilipoweza, na sehemu iliyobaki kwa miguu, wakilala katika kambi za majani na maturubai.

Mwaka huohuo wa 2007, katika mji mdogo wa Opala, watu wa timu hiyo walikuta tumbili mchanga amefungwa kamba nyumbani kwa mkuu wa shule ya msingi. Uso wake ulikuwa mrefu, mwembamba, na macho makubwa kama ya mtu anayefikiri. Walimpiga picha. John Hart alipoiona picha alitambua kwamba mnyama huyo hayumo katika kitabu chochote. Wakauliza jina lake, wakajibiwa: lesula. Ilichukua miaka mitano ya kulinganisha mifupa, ngozi, sauti na damu, na Septemba 2012 ikatangazwa duniani kwamba aina mpya ya tumbili imepatikana Afrika. Jina la kisayansi alipewa la mto Lomami. Jina la kawaida likabaki lilelile la wenyeji, lesula, na leo ndilo linaloandikwa London na Tokyo.

Tumesoma magazeti yaliyosema kwamba lesula “aligunduliwa”. Wawindaji wa huko walimjua tangu enzi za babu zao, walijua anachokula na saa anayolia, na hata ladha ya nyama yake. Lakini hatupendi pia kejeli za wale wanaosema kwamba basi wazungu hawakufanya lolote. Mwindaji alimjua lesula. Hakujua kwamba hayuko mahali pengine popote duniani. Ujuzi wa kwanza bila wa pili ungemmaliza mnyama yule sokoni bila mtu kutambua kilichopotea. Ujuzi wa pili bila wa kwanza usingekuwapo kabisa. Na tunakumbuka, kwa fahari kidogo ya watu wa chaki, kwamba yote yalianzia katika ua wa mwalimu.

Hifadhi ya Taifa ya Lomami ilitangazwa Julai 2016, zaidi ya kilomita za mraba 8,800, ikigawanywa kati ya Tshopo na Maniema. Kabla ya kutangazwa, vijiji vilifikiwa na kuulizwa juu ya mipaka, na wazee walifanya tambiko ili mababu nao wapate habari. Msomaji wetu anaweza kuwa na neno juu ya tambiko, nasi katika mafundisho yetu tunalo. Hata hivyo tunaona heshima ndani yake. Wageni walikubali kwamba pori lile lina wenyewe, na kwamba wenyewe hao hawaanzi na kizazi kilicho hai.

Sasa neno ambalo katika hadithi zote hizi husemwa upesi upesi. Hakuna hata mara moja ambapo “wawili” walikuwa wawili. Kwenda Kabara mwaka 1926 kulikuwa na wapagazi waliobeba mahema, masanduku na mwisho wake mgonjwa. Schaller alikuwa na walioupanda mlima na mizigo yake. Picha ya lesula ilipigwa na Wakongo waliotangulia, nao ndio waliomwona kwanza. Yule bwana na bibi yake wa gari lenye kitanda, wanaojipiga picha peke yao chini ya mbuyu, wamelala katika usalama unaolindwa na mtu asiyeonekana katika picha.

Mtu huyo ana jina wakati mwingine. Tarehe 11 Mei 2018 gari lililowabeba watalii wawili Waingereza lilishambuliwa katika Virunga, kaskazini mwa Goma. Mlinzi wa hifadhi aliyekuwa pamoja nao, Rachel Masika Baraka, mwenye umri wa miaka 25, aliuawa. Dereva alijeruhiwa. Watalii walitekwa na baada ya siku mbili wakaachiliwa. Hifadhi ilifungwa kwa wageni mpaka Februari 2019. Walinzi zaidi ya 200 wamekufa katika hifadhi hiyo moja tangu ianze. Tunapoambiwa kwamba utalii utaleta neema, tunaomba hesabu ianzie kwa dada huyu.

Hapo tunafika kwenye Maiko na swali la pili la vijana. Hifadhi ya Taifa ya Maiko, ambayo wote twaiita parki, ilitangazwa mwaka 1970 kutoka Kinshasa. Ina kilomita za mraba zipatazo 10,800, katika mikoa ya Tshopo, Kivu ya Kaskazini na Maniema, na upande wake mmoja unatazamana na teritori yetu. Humo mna okapi, ndovu wa msituni, sokwe, gorila wa mashariki anayeitwa wa Grauer, na tausi wa Kongo. Tausi huyu pia alikuwa na kisa kama cha lesula: mwaka 1913 Mmarekani James Chapin aliona unyoya katika kofia ya mtu huko Ituri, asijue ni wa ndege gani, na ilimchukua mpaka mwaka 1936 kumtambua, alipomkuta amewekwa kwa makosa katika jumba la makumbusho la Ubelgiji. Aliyevaa kofia, bila shaka, alijua.

Humo pia, tangu uasi wa mwaka 1964, waliingia wapiganaji wa Simba ambao hawakutoka. Walizaa, wakalima, wakachimba dhahabu, wakawinda, na wajukuu wao wamekulia katika vivuli vile. Baadaye yalikuja makundi mengine. Machimbo ya dhahabu na ya kasiteriti yalivuta watu, na watu hao walihitaji nyama. Gorila wa Grauer, ambao katika miaka ya 1990 walikadiriwa kufika 17,000, mwaka 2016 walikadiriwa 3,800 tu. Mwaka 2021 kadirio jipya likasema 6,800. Asifurahi mtu upesi: gorila hazai haraka kiasi hicho; ni kuhesabu kulikopata nafuu.

Kijana wa biashara husikia kwamba Rwanda hutoza dola 1,500 kwa saa moja ya kutazama gorila, tangu mwaka 2017, na kwamba Virunga yetu ilikuwa ikitoza 400, naye macho yake hung’aa. Twamwomba afikiri. Gorila wa Rwanda na wa Virunga wamezoezwa kuona watu kwa miaka mingi ya kazi ya kila siku. Kule Kahuzi-Biega kazi hiyo ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1970. Wa Maiko humkimbia mtu, na wana haki. Pia yale magari yenye kitanda hufuata nchi ya majani mafupi, ambako simba huonekana akiwa mbali na tembo huja kunywa maji mbele ya watu. Msitu wetu hauonyeshi. Mtu anaweza kukaa siku kumi asione ila miti, siafu na nyayo. Okapi, mnyama mkubwa kama farasi, alijificha kwa wanasayansi mpaka mwaka 1901. Mgeni aliyelipa ili aone atarudi akinung’unika, na barabara ya kwenda kwao ni ndefu.

Kwa hiyo, kwa maoni yetu, isijengwe nyumba ya wageni kando ya Maiko, wala pasitafutwe fedha za kuijenga, kabla ya amani na kabla sisi tunaoishi kando yake hatujalala humo kwa hiari yetu. Sababu ya pili ndiyo iliyotusukuma kuandika. Waliobaki na desturi ya kulala msituni kati yetu ni wachache, na kila mwaka wanapungua. Wakumu walikuwa na kambi zao. Maji ya vijito yalipopungua, mume na mke walihama na watoto kwenda kwenye kambi ya kuvua: wanawake walikinga kijito kwa udongo na majani, wakakausha maji kwa vikapu na kuokota samaki na kaa, wanaume walitega na kukausha nyama juu ya moshi, na wakati wa viwavi wote walitazama juu. Watoto walijifunza majina ya miti hapo, mmoja mmoja, kwa kuonyeshwa gamba na kunusishwa. Vita viliivunja desturi hiyo kwa kuigeuza. Mtu aliyelala kambini kwa hofu miaka mitano, akirudi kijijini hataki tena kusikia harufu ya moshi ule. Ndipo watoto wa Lubutu wamekuwa wakijua tembo kwa picha ya kitabu cha Ulaya.

Katika kitabu cha Walawi, Mungu anawaagiza Waisraeli, watu waliotoka katika kukimbia na kutangatanga jangwani, kwamba kila mwaka wajenge vibanda vya matawi na kukaa humo siku saba, pamoja na watoto wao, kwa furaha. Wakati huo wamekwisha kuwa na nyumba. Tumekifundisha kifungu hicho miaka mingi kwa upesi, kama habari ya sherehe za watu wa kale. Tukikisoma hapa Lubutu, tukiwa na Tingi-Tingi upande mmoja na Maiko upande wa pili, tunaona kwamba kilielekezwa kwa watu wa namna yetu. Aliyelala nje kwa kulazimishwa anaambiwa atoke tena, safari hii akiwa amechagua siku, amebeba chakula, na anajua atarudi lini.

Hapo ndipo lile gari lenye kitanda linapoweza kutufundisha kitu. Mume na mke wale, hata kama ni matajiri na hata kama hawamwoni mlinzi wao, wamefanya jambo moja ambalo katika nyumba zetu ni adimu: wamekaa pamoja siku nyingi bila shughuli ya kuwatenganisha. Kwetu, mume yuko kwenye machimbo au kwenye barabara ya Kisangani na pikipiki yake. Mke yuko shambani, kisimani, sokoni. Wanakutana usiku wakiwa wamechoka. Wanandoa wanaokuja kwetu na mashauri yao mara nyingi hawajaongea saa nzima tangu arusi. Kambi ya kuvua ya zamani iliwapa mazungumzo hayo bila mtu kuyapangia semina.

Tunayopendekeza basi ni madogo. Katika miezi ya maji machache, wanandoa watano au sita wa chama chetu, pamoja na watoto waliofika umri wa shule, waende siku tatu katika msitu ulio nje ya mpaka wa parki, mahali ambapo chifu wa kijiji na walinzi wa parki wamesema pana usalama, na pasiposemwa hivyo wasiende. Wasichukue silaha wala mitego ya nyaya. Wamchukue mzee mmoja wa Kikumu anayejua miti, na alipwe kwa siku, kwa fedha taslimu, kama vile mgeni angemlipa. Kazi ya kufundisha ni kazi, hata ikifanywa na mtu asiye na diploma. Mizigo wabebe wote. Tusione tena kinamama wakitangulia na masufuria, kuni na mtoto mgongoni, na kinababa wakifuata na panga mkononi. Kama kuna jambo ambalo tungelikataza kabisa katika safari hiyo ni hilo. Na kupika kugawanywe.

Wako watakaokataa kwa sababu ya kumbukumbu. Wasisukumwe. Tunawajua mama ambao hawatalala tena chini ya majani maishani mwao, nao wamekwisha kulala huko kwa niaba yetu sote. Wako pia watakaosema kwamba ni mchezo wa wazungu, na kwao tunajibu kwamba babu zao walikuwa huko kabla gari la kwanza halijavuka Lualaba.

Mwalimu mmojawapo abebe daftari. Kila mti, samaki, ndege na mnyama atakayetajwa na mzee aandikwe kwa Kikumu, kwa Kiswahili kama jina lipo, na mahali alipoonekana. Jina lisilo na Kiswahili liachwe kama lilivyo, lisitungiwe. Nakala moja ibaki katika shule ya msingi ya kijiji kilicho karibu na mahali hapo, ya pili ipelekwe kwa walinzi wa parki, na ya tatu ibaki kwa mzee mwenyewe, hata kama hasomi. Ana wajukuu.